Mavazi ya Sauli
JUMATANO

Soma 1 Samweli 17:37–40. Sauli alimvika Daudi nini, na kwa nini Daudi aliyavua?

Darii ya Goliathi peke yake ilikuwa na uzito wa shekeli 5,000 za shaba, yapata kilo 57. Kwa Sauli, anayekwenda kumkabili mtu kama huyo sharti avae kama yeye. Hivyo akamvika Daudi mavazi yake mwenyewe, chapeo ya shaba na darii.

Hakuwa na nia mbaya. Lakini mavazi hayo yalikuwa na mwenyewe, tena mtu mrefu kuliko wote katika Israeli (1 Samweli 9:2). Goliathi alitoka kutukana siku 40, na mavazi hayo hayakumwondolea mfalme hofu. Sasa alimtwika kijana kile ambacho yeye mwenyewe hakukitumaini.

Daudi alijaribu kwenda, akashindwa. Hakuyadharau, alisema tu kwamba hajayajaribu. Aliyekwisha kumjaribu ni Bwana, aliyemwokoa na simba na dubu. Basi akayavua, akashika fimbo yake, mawe matano na teo, akashuka bondeni akiwa katika mavazi ya machungani.

Wala hili halimaanishi kwamba vazi zuri ni dhambi. Baadaye Yonathani alimpa joho lake, naye akalipokea (1 Samweli 18:4). Joho la Yonathani lilitolewa kwa upendo; darii ya Sauli ilitolewa kwa hofu.

Hata leo kijana anayepangiwa kuhubiri kwa mara ya kwanza huweza kuazima koti zito la suti, akasimama mimbarani adhuhuri ya Januari, chini ya bati, jasho likimtiririka hadi kwenye kurasa za Biblia. Ameambiwa kwamba bila koti hatasikilizwa. Na yuko mwingine anayebaki nyumbani Sabato nzima kwa sababu hana wa kumwazima. Usafi na adabu ni wajibu wa kila mwabuduo. Lakini kanisa linapodai zaidi ya hapo, humzuia mlangoni mtu ambaye Bwana amekwisha kumwita.

Je, ni nani kanisani kwako aliyetwikwa vazi la mwingine kabla ya kuruhusiwa kumtumikia Mungu? Utafanya nini Sabato hii ili aje na alicho nacho?