Kipimo cha Kazi ya Wanawake

Kipimo ni mwamuzi kati ya watu. Muuza nafaka hujaza kibaba chake, na mnunuzi hutoa fedha bila ya ugomvi. Lakini kila kipimo kina kitu chake. Mtama haupimwi kwa dhiraa, wala nguo haipimwi kwa pishi. Mtu akikosea kipimo, hata akihesabu kwa uaminifu mkubwa, atapata jawabu la uongo. Basi nakuuliza, msomaji: kazi ya wanawake wa kijijini, waliochanga fedha na nguvu zao ili kuinua hali ya jamaa zao, yafaa ipimwe kwa kipimo gani?

Swali hili si geni katika nchi yetu. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianza mwaka 1952, na baada ya uhuru wa mwaka 1963 vikundi vya akina mama vilienea kila upande. Upande wa Nyeri wanawake walichangiana kununua mabati: leo huezekwa nyumba ya huyu, kesho ya yule, mpaka zamu iwafikie wote. Mtu mwenye kalamu angeweza kuhesabu mabati na kwenda zake. Lakini paa la bati hukinga maji ya mvua, nalo paa la nyasi halikingi maji safi. Mama mwenye bati na pipa hupunguza safari za mtoni, na saa anazookoa huwa mali yake. Saa hizo hazimo katika hesabu ya mabati.

Tazama mfano wa pili. Huko Mraru, katika milima ya Taita, wanawake walitaabika kufika soko la Voi, kwa kuwa mabasi yalipita yamejaa, na nafasi iliyosalia ilitwaliwa na wanaume. Wakaweka akiba, haba na haba, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Faida yake iliwasaidia kufungua duka. Basi, kama chombo chochote cha chuma, lilichakaa. Je, tuseme kazi yao ilikufa pamoja na injini? Anayepima kwa chombo atasema ndiyo. Anayepima kwa watu ataona wanawake waliojifunza kutunza daftari la fedha, na kukata shauri pamoja bila ya kuamriwa. Elimu hiyo haishiki kutu.

Walakini tusikimbilie upande wa pili tukadai kwamba kazi njema haihitaji kupimwa. Wako watu ambao, kila wasikiapo habari za kikundi cha akina mama, hupiga makofi na kusifu, wasiulize neno. Sifa ya namna hiyo ina dharau ndani yake. Humtendea mwanamke kama mtoto aliyechora picha, ambaye husifiwa hata picha ikiwa mbaya. Mwanachama aliyetoa mchango wake kutoka katika mauzo ya mayai ana haki ya kujua fedha yake ilifanya nini. Kumnyima hesabu ni kumdhulumu.

Wanawake wenyewe hawaogopi hesabu. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ulikuwa mwanzo wa chama kinachoitwa Green Belt Movement, ambacho kimepanda miti mamilioni. Katika chama hicho wanawake walilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioishi. Aliyepanda miche mia ikakauka hakuwa na dai. Kipimo hicho kilikuwa kikali, tena cha haki, kwa sababu kilifuata kusudi la kazi: mti unaosimama.

Lakini hata kipimo hicho chema kilikuwa na mwisho wake. Mwaka 1989 Maathai na chama chake walipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Walitukanwa hadharani, lakini jengo halikujengwa, na bustani ikabaki mali ya watu wote. Katika daftari la miche ushindi huo ungeandikwa safu gani? Na mwaka 2004, Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel, ilikuwa ya amani.

Kwa hiyo naona mpimaji mwadilifu hana budi kuuliza mambo matatu. La kwanza: ni kitu gani kilichobaki baada ya sherehe na wageni kuondoka? La pili: ni nani aliyeachwa nje? Kikundi chenye ada huweza kuwainua wenye kidogo, na kumsahau mjane asiye na kitu kabisa. La tatu, ambalo husahauliwa mno: kazi hiyo iliwagharimu nini waliofanya? Ikiwa kisima kilichimbwa kwa jasho la mama ambaye bado alirudi nyumbani kupika, kufua na kulea peke yake, jasho hilo ni gharama, liandikwe. Na maswali haya yote waulizwe kwanza wanawake wenyewe, maana avaaye kiatu ndiye ajuaye kinapobana.

Msomaji kijana, yamkini siku moja utatumwa kijijini na karatasi yenye safu za tarakimu. Zijaze kwa uaminifu, kwa maana tarakimu ya kweli ni amana. Kisha, kabla ya kutia sahihi, keti na wenye kazi, uwaulize wangependa kuhesabiwa nini. Jawabu lao likikosa safu katika karatasi yako, iongeze safu.