Mtoto Asiyelia Akionywa

Katika mitaa ya Kisangani, kama katika vijiji vya kando ya mto, yupo mtoto ambaye watu humwogopa. Mama yake amekufa, au amekwenda zake. Mwezi huu yumo nyumba hii, mwezi ujao nyumba ile. Huiba samaki sokoni, na akionywa halii wala haombi radhi. Ndipo neno baya hutamkwa: mtoto huyu ni ndoki, ni mchawi! Kisha mlango hufungwa, naye hulala barazani pa duka.

Je, moyo mgumu wa mtoto huyo ni ubaya wake mwenyewe?

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyefariki mwaka 1939, alifundisha kwamba mambo ya utotoni hukaa ndani ya mtu hata asipoyakumbuka. Yeye alizitazama hasa tamaa zinazopigana moyoni. Wengine waliomfuata waliuliza neno jingine: mtoto huyu alishikwa na nani? John Bowlby wa London alitoa mwaka 1944 habari za watoto wezi 44. Kati yao 14 walionekana hawampendi mtu ye yote. Na katika hao 14, watoto 12 walitengwa na mama zao muda mrefu wangali wadogo. Katika wale 30 waliosalia, waliotengwa hivyo walikuwa 5 tu.

Hesabu hiyo isomwe polepole. Haisemi kwamba wizi ni halali. Wala haisemi kwamba kila yatima atakuwa mwizi, jambo ambalo lingekuwa uongo na matusi kwa yatima wengi wema.

Basi lawama imwangukie mama? Wengi walimwelewa Bowlby hivyo, nao walikosea. Tazameni msitu wa Ituri, mashariki ya Kisangani, wakaako Waefe. Edward Tronick na wenzake walieleza mwaka 1987 jinsi mtoto wa Kiefe anavyolelewa. Afikapo miezi minne, zaidi ya nusu ya muda wa kubebwa yumo mikononi mwa wengine, si mwa mama yake; hata kunyonya hunyonyeshwa na wanawake wengine. Lakini mikono hiyo ni ya watu anaowajua, nao humwitikia upesi aliapo. Kumlea mtoto pamoja ni jambo moja; kumsukumiana kama mzigo wa kuni ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo kifo cha mama si hukumu juu ya mtoto. Nyanya aweza kumshika, au shangazi, au mke wa baba mdogo, mradi asimwachie njiani.

Mwenye kuibiwa atasema: «Basi kila mwizi atasingizia utoto wake!» Pingamizi hilo lina nguvu. Mtu mzima hujibu kwa matendo yake, hata akiwa amelelewa vibaya, kwa maana aweza kuyafikiri na kuyakataa. Lakini mtoto wa miaka minane hana uwezo huo. Anayefunga mlango ni mtu mzima, naye anajua alitendalo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya kuwalinda watoto ya mwaka 2009 huadhibu kosa hilo.

Atakayemrudisha mtoto huyo nyumbani asitazamie shukrani upesi. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alieleza mwaka 1956 kwamba mtoto aibaye bado ana tumaini: anadai kitu kizuri alichokuwa nacho zamani, kisha akanyang'anywa. Tena akianza kumwamini mtu, huenda akazidi kusumbua. Ataiba sukari ya nyumba ile ile iliyompokea, apate kujua kama mlango huu nao utafungwa.