Ramadhani 16: Riba imepanda, na mdaiwa kanyamaza



Juzi baada ya taraweh kijana wetu mmoja hapa Houston alinivuta pembeni, pale kwenye viatu, akasema ana swali la funga. Halikuwa la funga. Alitoa simu akanionesha barua ya kampuni ya kadi yake ya mkopo: riba inapanda kutoka asilimia 19 hadi 27. Anadaiwa dola 4,200.

Nikamuuliza, "Umewapigia?" Akainama. "Ustadhi, nitawapigiaje? Riba ni haramu. Nimeshaingia, sasa nianze kubishana nipunguziwe haramu? Si sawa na kugombania ukubwa wa kipande cha nguruwe?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana najua si yeye peke yake. Kiswahili chetu hakitupi pa kujificha, jamani. Benki wanaiita riba, na Qur'an inaiita riba. Kwa hiyo mtu akishadaiwa anaona haya hata kulisema msikitini.

Lakini hebu tuangalie riba ya jahiliya ilikuwaje. Siku ya kulipa ikifika na mdaiwa hana, mdai alimwekea mambo mawili: alipe sasa hivi, au aongezewe muda na deni nalo liongezeke. Deni linapanda juu ya mtu yule yule, hajapokea hata dirhamu mpya. Hiyo ndiyo Mtume (s.a.w.) aliifuta katika Hija ya kuaga, akaanza na ya nyumbani kwake, ya ami yake Abbas. Na aya zile za Suratul Baqara zinazokataza riba zinamtaka mdai ampe nafasi aliyebanwa, na zinataja dhuluma ya kufanya na ya kufanyiwa pia. Mara baada yake inakuja aya ya deni, ndefu kuliko zote katika Qur'an: deni liandikwe, na anayemsomea mwandishi cha kuandika ni mdaiwa mwenyewe. Mdaiwa! Si mwenye pesa. Mimi aya hiyo nimeisoma miaka mingi nikaipita hapo haraka.

Basi nikamwambia, kosa la kuingia katika riba litubie kwa Mola wako, huo ni usiku wako na Yeye. Ila toba haikulazimishi ukubali kila kinachoongezwa juu yako. Kukipunguza ni sehemu ya kutoka.

Na wenzetu hawa wana sheria. Tangu ile ya mwaka 2009, kampuni ya kadi hapa Marekani haiwezi kukupandishia riba hivi bila kukuarifu siku 45 kabla. Riba mpya haigusi deni la zamani. Inashika manunuzi yanayofanyika baada ya siku ya 14 tangu barua itolewe. (Kama riba yako imefungwa kwenye kiwango cha soko, au ilikuwa ya ofa na muda wake umeisha, hapo ni habari nyingine, soma barua yako vizuri.) Kwa hiyo zile dola 4,200 zinabaki kwenye 19. Kwa mwezi ni kama dola 66 za riba badala ya 94. Unaweza kuwapigia, ukauliza sababu ya kupandisha, ukaomba warudishe, au ukawaambia wafunge akaunti uendelee kulipa la zamani kwa riba ya zamani. Sauti ya kawaida tu, na uandike jina la aliyekujibu na tarehe.

Hapo ndipo akanitolea lililonitisha. "Mimi nilishakasirika, Ustadhi, mwezi huu sijawalipa. Wasubiri."

La, mdogo wangu! Ukichelewa zaidi ya siku 60, ile kinga inaondoka, na wanaruhusiwa kuipandisha hata juu ya deni la zamani. Utakuwa umewafungulia mlango kwa mkono wako. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba katika swala akingwe na deni, akaulizwa kwa nini, akaeleza kwamba mwenye deni huanza kusema uongo na kuvunja ahadi. Tulimkuta kijana wetu akiwa bado na wiki tano mkononi, alhamdulillah. Alilipa kile kiwango cha chini usiku ule ule, tumesimama kwenye viatu.

Kumbe pia alikuwa ameahidi futari ya msikiti Jumamosi, biriani ya watu 80, na angelipia kwa kadi hiyo hiyo. Siku ya 14 ilikuwa imeshapita. Nikamwambia lete tende na maji, biriani tutachangishana. Hakupenda. Kasema watu watamsema. Wakimsema waje kwangu.

Leo saa nane mchana anawapigia, nitakuwa nimekaa naye. Aliye na barua ya namna hii, awe mama, kaka au shangazi, aje baada ya taraweh, nipo meza ya karibu na mlango wa akina mama hadi saa tano usiku. Msilete kadi. Leteni barua, yenye tarehe.

Wabillahi tawfiq.