Deni la Maji

Mtu afuga fahali mkali kwa faida yake. Usiku mwizi avunja zizi, fahali atoka, naye amchoma mtoto wa jirani kwa pembe. Mwenye deni ni nani, mwizi au mwenye fahali? Twauliza hivi kwa ajili ya habari za nchi ya Ogoni, katika Nigeria, kusini, ambako mto Niger hugawanyika ukiingia baharini. Huko kilichotoka zizini ni mafuta ya ardhini, na kilichoumizwa ni maji ya kunywa.

Mafuta yalitafutwa huko tangu miaka ya 1950. Kampuni ya Shell iliacha kuyachimba katika Ogoni mwaka 1993, lakini mabomba yapitishayo mafuta yalibaki yakikatiza nchi. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa taarifa, baada ya kuchunguza mahali zaidi ya 200. Mahali paitwapo Nisisioken Ogale, karibu na bomba la kampuni ya mafuta ya serikali, maji ya visima yalikuwa na benzeni, sumu iletayo kansa, zaidi ya mara 900 kupita kipimo cha Shirika la Afya Ulimwenguni. Juu ya maji yaliyo chini ya ardhi palielea tabaka la mafuta lenye unene wa sentimita 8. Wenyeji walijua hatari hiyo, wakaendelea kuyanywa, kuyaogea na kuyapikia, kwa kuwa hawakuwa na mengine.

Labda msomaji atasema, “Walijua, basi wamejitakia.” Sisi hatukubali. Aliye na kisima kimoja tu hakuchagua kitu.

Katika shauri la lawama, makampuni hunena juu ya wezi. Ni kweli, wezi wapo: hutoboa mabomba, huyachemsha mafuta vichakani kando ya vijito, na mabaki humwagika katika mikoko. Wengine ni vijana wa nchi ile ile, wawatiao sumu mama zao wenyewe, wala umaskini hauwaondolei hatia. Lakini taarifa ilisema pia kwamba utunzaji wa mitambo haukutosha. Na mahali 15 palipoandikwa katika vitabu vya Shell kwamba pamekwisha safishwa, 10 palionekana pangali na uchafu kupita kiasi. Hapo hatuwezi kumtaja mwizi peke yake. Apataye faida kwa kitu cha hatari ana wajibu wa kukilinda, hata na mwizi, kwa maana alijua tangu mwanzo kwamba wezi wapo. Wazee wakimhukumu mwizi wa fahali, watamwuliza na mwenyewe: zizi lako ulilijenga kwa miti gani?

Hata hivyo mtoto hubebwa kwa mganga kwanza, ndipo baraza likae. Taarifa ile ilitaka watu wa Ogale wapewe maji safi mara moja, kabla ya kazi nyingine zote. Baadaye serikali iliweka ofisi ya kusafisha nchi, nayo imejenga mabomba ya maji kwa baadhi ya vijiji. Lakini shauri la watu wa Ogale na wenzao wa Bille juu ya Shell lilifika hata Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza, nayo ikaamua Februari 2021 jambo moja tu, kwamba shauri lao laweza kusikilizwa huko. Ilikuwa karibu miaka 10 tangu taarifa kutoka!

Tena mwaka 2025 Shell ilimaliza kuuza kampuni yake ya kuchimba mafuta ya nchi kavu katika Nigeria. Mtu aweza kuuza zizi na fahali wake. Lakini jeraha la mtoto, je, huuzwa pamoja navyo, na baba yake asiulizwe? Taarifa ya 2011 ilisema kwamba kuiponya nchi ya Ogoni kwaweza kuchukua miaka 25 hata 30, hesabu ikianza siku ile kazi itakapofanywa kwa bidii.