Kujua Kuongoza Kabla ya Kuongoza

Kila chuo kikuu cha Marekani kinapotafuta kocha wa mpira wa kikapu, swali linalotangulia ni kama mtu huyo amewahi kuwa kocha mkuu. Historia ya chuo kimoja tu, Georgetown cha Washington, inaonyesha jinsi swali hilo lisivyo jepesi. Mwaka 1972 timu yake ilikuwa imetoka kushinda michezo 3 na kupoteza 23. John Thompson, aliyepewa kazi, hakuwa amewahi kuongoza timu ya chuo. Alikuwa akifundisha shule ya sekondari ya St. Anthony, mjini humo humo. Mwaka 1984 akawa kocha wa kwanza Mweusi kutwaa ubingwa wa taifa wa daraja la kwanza la vyuo. Mwaka 2017 chuo kikamwajiri Patrick Ewing, mhimili wa timu ile ya 1984, ambaye naye hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu, ingawa alikaa miaka mingi kwenye mabenchi ya NBA akiwa msaidizi. Katika misimu 6 alishinda 75 na kupoteza 109, na msimu wa 2021-22 timu yake ilifungwa michezo yote 19 ya ratiba ya ligi ya Big East. Machi 2023 kibarua chake kikaota nyasi. Safari hii chuo kikamchukua mzoefu, Ed Cooley, aliyekuwa ameongoza Fairfield na kisha Providence kwa misimu 12. Msimu wake wa kwanza ulikuwa wa ushindi 9 na vipigo 23.

Kwa hiyo orodha ya waliofaulu na walioshindwa haitoshi kumaliza ubishi, kwa kuwa kila upande una majina ya kutaja. Kinachopaswa kuulizwa kwanza ni aina ya ujuzi unaotafutwa. Kiswahili hutenganisha vizuri mambo mawili: kuna kujua kwamba mkondo wa bahari ni mkali, na kuna kujua kuogelea. La kwanza mtu anaweza kulisoma akiwa kitini. La pili linathibitika majini tu. Gilbert Ryle, mwanafalsafa wa Uingereza, aliijengea hoja tofauti hiyo mwaka 1949, akikataa wazo kwamba kutenda kwa ustadi ni kukariri kanuni kichwani na kisha kuzitekeleza. Kabla yake sana, Aristotle alifundisha kwamba mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Wanaodai uzoefu husimama hapo, na mahali penyewe ni imara.

Lakini Aristotle hakuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo husahaulika. Kujenga huko huko, alisema, ndiko kunakozaa pia wajenzi wabovu. Mwenye kurudia kosa kwa miaka 10 hulizoea mpaka halioni tena. Miaka ya ukocha, basi, inamwambia mwajiri kwamba mtu huyu ameundwa na kazi, bila kumwambia ameundwa vipi.

Tena, ni kazi ipi hasa? Machi 29, 1982, mjini New Orleans, Georgetown ya Thompson ilikutana na North Carolina ya Dean Smith katika fainali. Michael Jordan, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alifunga kikapu kilichoiweka Carolina mbele kwa 63 dhidi ya 62. Zilibaki sekunde chache, mpira uko kwa Georgetown. Thompson hakuomba mchezo usimamishwe. Aliwaacha vijana wapande. Fred Brown, akidhani anampasia mwenzake, akampasia James Worthy wa Carolina, na ubingwa ukaenda. Mchezo ulipokwisha Thompson alimkumbatia Brown mbele ya kamera.

Hapo ndipo msaidizi na kocha mkuu wanapoachana. Msaidizi anaweza kunong'ona kwamba mchezo usimamishwe, lakini uamuzi ukiharibika hana la kujibu. Aliye mkuu hana wa kumtazama. Na kumkumbatia kijana aliyekosea usiku ule nako ni kuongoza, pengine kuliko michoro yote ya ubaoni. Thompson alikuwa ameyabeba hayo St. Anthony kwa miaka kadhaa, maana shuleni pia kuna mtu mmoja ambaye neno huishia kwake. Kusema aliajiriwa bila uzoefu ni kupima ukubwa wa ukumbi na kuacha uzito wa mzigo. Smith, kwa upande wake, alikuwa msaidizi hapo hapo Carolina alipokabidhiwa timu mwaka 1961. Msimu wa kwanza alishinda 8 na kupoteza 9, kisha akaendelea mpaka ushindi 879.

Msimu kama ule wa kwanza wa Smith ni gharama, na kuna anayeilipa. Mchezaji wa chuo kwa desturi ana misimu 4 tu. Kocha anayejifunza anajifunza kwa kutumia misimu ya vijana hao. Hii ndiyo hoja ya haki inayotetea kigezo cha uzoefu, na inastahili heshima. Hata hivyo, vyuo vikubwa vinapodai mtu aliyekwisha kuiva, mtu huyo ameivia mahali fulani. Mike Krzyzewski, kabla ya kuipa Duke mataji 5, alikaa miaka 5 katika chuo cha jeshi cha West Point, na msimu wake wa mwisho huko alishinda 9 na kupoteza 17. Vijana wa vyuo vidogo nao wana misimu 4. Kigezo hakiondoi gharama. Kinaihamishia kwa wenye uwezo mdogo wa kuikataa.

Kuna udhalimu mwingine, mkubwa zaidi. Kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika daraja la kwanza la vyuo, Will Robinson wa Illinois State, aliajiriwa mwaka 1970. Kumtaka Thompson mwaka 1972 aonyeshe uzoefu wa daraja hilo kungekuwa kumdai kitu ambacho watu wa rangi yake walikuwa wamenyimwa mpaka miaka miwili tu nyuma.

Tangu 2021 kazi yenyewe imebadilika. Wachezaji wanaweza kuhamia chuo kingine bila kukaa nje msimu mzima, na wanalipwa kwa matumizi ya majina yao, hivyo kila masika kocha huunda karibu kikosi kipya. Mkongwe aliyezoea kumlea kijana kwa miaka 4 anakuta nusu ya anachokijua hakina pa kutumika, wakati msaidizi aliyeshinda kwenye simu akiwashawishi wachezaji na wazazi wao ameshaizoea nusu hiyo ya kazi. Nusu ya pili, ile ya sekunde za mwisho za New Orleans, bado hakuna anayeweza kumzoesha mwingine.