Amana ya Mwenye Kukusanya Sadaka

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad:

Mwezi wa Septemba 2023, katika muda wa siku tatu tu, misiba miwili mikubwa iliwafika Waislamu wa Afrika ya Kaskazini. Usiku wa tarehe 8 ardhi ilitetemeka Moroko, wakafa watu zaidi ya 2,900, wengi wao katika vijiji vya milimani kusini ya Marrakech. Usiku wa kuamkia tarehe 11 mvua za tufani zilivunja mabwawa mawili juu ya mji wa Derna, Libya, na maji yakasomba mitaa mizima, pamoja na maelfu ya wakaazi wake, mpaka baharini.

Inapotokea misiba kama hii, michango hukusanywa hata katika miji ya mbali. Familia nyingi za Ghuba zinaijua Edgware Road ya London, njia inayoanzia Marble Arch, yenye mikahawa na maduka ya Kiarabu. Na achukuliwe mfano wa kijana mwanafunzi aliyejitolea kusimama hapo na kopo la michango tangu Alasiri mpaka Isha. Wako waliompa, na wako waliogeuza nyuso. Sasa kopo ni zito, na mfukoni mwake hamna nauli. Mpita njia mmoja anamtilia pauni tano mkononi na kwenda zake. Hapo nafsi humwambia: zichukue, kesho utarudisha, kwani hukuchoka kwa ajili yao?

Sheria ya huko inamtaka mwenye kuchangisha njiani awe na ruhusa ya polisi, na kopo lake lifungwe kwa lakiri. Lakini pauni tano hizo bado hazijaingia ndani ya kopo, na hapana azionaye ila Mwenyezi Mungu.

Basi na ajue kuwa fedha hizo si zake. Yeye ni wakili baina ya mtoaji na aliyefikwa na msiba, na wakili hana ruhusa ya kujikopesha mwenyewe. Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Ni kweli kwamba katika Suratut Tawba, aya ya 60, wanaoitumikia Zaka wamewekewa fungu lao. Lakini fungu hilo hutolewa na mwenye kusimamia, wala mtu hajikatii mwenyewe. Mwenye haja ya nauli na aiseme mapema kwa waliomtuma.

Wanavyuoni wa Kiibadhi wamefundisha kuwa imani ni kauli na matendo. Haiwi ulimi usadiki na mkono ufanye khiana. Na aliyekula haki ya mtu, toba yake haitimii kwa istighfari peke yake mpaka arudishe alichokichukua. Hapa ndipo penye khatari kubwa: atamrudishia nani? Mwenye haki hamjui kwa jina wala kwa sura. Labda analala ndani ya hema. Labda amekwisha kufa kabla ya kufikiwa na msaada.

Wala asiulize madhehebu ya wanaosaidiwa. Libya ina Jabal Nafusa, kwao wanavyuoni wengi wa Kiibadhi tangu karne za mwanzo; Derna iko mbali na huko, na watu wake ni Wamaliki. Haki ya aliyefikwa na msiba ni ile ile.

Watu wa Oman wanayajua haya. Kimbunga Gonu kiliwafika Juni 2007, na Shaheen ikaifurikisha Batina Oktoba 2021, wakaja watu kutoka wilaya nyingine na majembe yao kuondoa tope katika nyumba za wasiowajua.

Basi mzazi anayempeleka mwanawe kusoma ng'ambo, pamoja na kumuusia masomo, na amuusie amana. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa, awape subira waliobaki, na azilinde nafsi za wanaokusanya na mikono yao. Amin.