Onyo juu ya Wanyang'anyi wa Usiku

Ama baad. Enyi ndugu Waislamu, Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, palipo magofu ya misikiti ya karne ya 14, leo pana vilabu vikeshavyo, na wageni huja kustarehe. Wahuni huwavizia vichochoroni, wakawanyang'anya simu na fedha kwa visu. Kisha husema mtu barazani: «Mlevi yule, yamempata aliyoyataka.» Hilo ni kosa kubwa. Ulevi ni dhambi baina yake na Mola wake. Haukuihalalisha mali yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, mnyang'anyi wa mjini, pasipofika msaada, ni mkata njia sawa na wa jangwani. Naye ainunuaye simu hiyo, hali ajua, ameshiriki. Basi baba na amuulize mwanawe: umeipata wapi? Wallahu aalam.